Sura ya Sita: Debe, Gunia na Mbegu

Kioo cha slaidi kina urefu wa milimita 75 na upana wa milimita 25. Juu yake kumelazwa tishu yenye unene wa mikromita tatu au nne, nyembamba mara nyingi kuliko unywele, imetiwa rangi ya zambarau na waridi na kufunikwa kwa kioo kingine chembamba zaidi. Vioo mia vinaenea kwenye sanduku la kubebwa kwa mkono mmoja. Ukivifungia kabatini miaka kumi havitakudai umeme, wala nywila, wala ada ya mwezi.

Sasa kiingize kimoja kwenye skana. Kwa ukuzaji ambao mafundi wa maabara huuita "arobaini", kila mikromita moja ya tishu hugeuzwa kuwa pikseli nne. Tuseme kinyama chako kina milimita 15 kwa 15, ukubwa wa kawaida kabisa. Milimita 15 ni mikromita 15,000, kwa hiyo ni pikseli 60,000 kila upande. Sitini elfu mara sitini elfu ni pikseli bilioni 3.6, na kila pikseli inabeba baiti tatu za rangi. Hapo tuna karibu gigabaiti 11 kwa kinyama kimoja. Skana huibana picha hiyo papo hapo, mara nyingi kwa JPEG, mbinu ileile inayobana picha za simu yako, ikabaki gigabaiti moja, mbili au tatu. Ukitaka kipimo cha kweli, tazama mkusanyo wa CAMELYON uliotolewa na watafiti wa Uholanzi: slaidi 1,399 za tezi za limfu za wagonjwa wa saratani ya matiti, jumla yake karibu terabaiti tatu. Gawanya mwenyewe, utapata gigabaiti mbili na ushei kwa kila kioo.

Watu wa radiolojia wakisikia hesabu hii hudhani tumekosea nukta. Uchunguzi mzima wa CT, wenye mamia ya picha, mara nyingi hauzidi megabaiti mia kadhaa. Kwetu sisi biopsi moja ya tezi dume inaweza kuleta vinyama kumi na viwili au zaidi, na baadhi yake vitaombewa rangi za ziada. Mgonjwa mmoja anaweza kujaza nafasi ambayo idara nzima ya eksirei hutumia kwa wiki.

Ichukue maabara ya wastani, slaidi 100 kwa siku, siku 250 za kazi kwa mwaka. Kwa gigabaiti mbili kila moja ni terabaiti 50 kwa mwaka. Ukiweka nakala ya pili, na lazima uiweke, ni 100. Baada ya miaka mitano umefika 500, na yule aliyekuja na suti kukuuzia skana hakulitaja hata moja kati ya hayo. Alitaja lenzi. Alitaja kasi, slaidi ngapi kwa saa. Diski si biashara yake.

Nilijifunza somo hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtu wa kompyuta katika maabara moja ambayo sitaitaja, na mpango wetu wa hifadhi ulikuwa droo. Ndani ya droo kulikuwa na diski za nje, kila moja imebandikwa plasta ya hospitali na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Moja iliandikwa "MACHI–MEI, USIFUTE". Siku moja niliivuta droo kwa haraka, diski hiyo ikadondoka sakafuni. Nilipoichomeka ikatoa sauti ya kugonga, tik, tik, tik, na sauti hiyo aliyewahi kuisikia haisahau. Nilikwenda kwa daktari wetu mkuu nikiwa na hotuba ya kuomba radhi. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Kijana, unalia nini? Vioo si vipo?"

Vilikuwepo. Mzee wa histolojia alivitoa stoo sanduku baada ya sanduku, amevipanga kwa namba kama misahafu ya madrasa, na kwa wiki tatu tuliskani upya. Tulirudisha karibu kila kitu. Vilikosekana vioo kumi na kimoja. Vingine vilikuwa vimepelekwa nje ya nchi kwa maoni ya pili na havijarudi. Viwili vilivunjika. Kimoja tishu yake ilikuwa imekwanguliwa yote kwa ajili ya kipimo cha vinasaba, kikabaki kioo kitupu. Vingine vilikuwa vya rangi za kung'aa, ambazo hufifia ndani ya wiki au miezi, hivyo hata kilipopatikana kioo, kilichoonekana mwanzo hakikuonekana tena.

Niliwaza picha hizo kumi na moja kwa muda mrefu kuliko elfu zilizorudi. Tulikuwa tumelinda picha zote kwa kiwango kimoja, yaani kwa kiwango kibovu. Nyingi hazikuhitaji hata ulinzi huo, kwa sababu kioo na bloku ya nta vilikuwa kabatini. Chache zilihitaji ulinzi mkubwa mara mia, na hakuna aliyezitenga.

Bibi yangu hakuwa na shida hiyo. Mahindi ya wiki hii yalikaa kwenye debe jikoni, karibu na kinu. Ya msimu yalikaa kwenye magunia stoo. Ya mbegu hayakuguswa na mtu: aliyafunga kwa maganda yake, akayaning'iniza darini juu ya moshi wa jiko, mahali ambapo dumuzi hafiki na mjukuu mwenye njaa hafiki. Kila punje alijua itakuja kutakiwa na nani, na lini. Swali hilohilo ndilo la kuuliza kabla hujanunua diski yoyote. Usianze na "nina terabaiti ngapi?" Anza na "picha hii ataifungua nani tena, lini, na anaweza kuisubiri dakika ngapi?"

Debe kwanza. Siku chache baada ya kuskaniwa, slaidi hufunguliwa mara nyingi: daktari anasoma, anamwita mwenzake, kesi inapelekwa kwenye kikao cha saratani. Hapo kinachotakiwa ni kasi, lakini kasi ya aina yake. Faili la slaidi limejengwa kama piramidi. Ndani yake mna picha ileile kwa ukubwa tofauti, kubwa chini, ndogo juu, na kila tabaka limekatwa vigae vidogo, kwa mfano vya pikseli 256 kwa 256. Daktari anapokuza na kusogeza, kompyuta haivuti gigabaiti mbili; inachota vigae vile tu vinavyoonekana kwenye skrini, kama ramani ya simu. Kwa hiyo diski ya debe ni ile inayoweza kuchota makonzi madogo maelfu bila kuchoka. Diski za SSD hufanya hivyo vizuri. Diski za kawaida zinazozunguka, zikiwa nyingi pamoja kwenye seva, hujikongoja na kufika. Diski moja ya nje iliyochomekwa kwa waya wa USB na kusomwa na madaktari watatu kwa pamoja itawarudisha wote kwenye hadubini, na watakuwa na haki.

Kwenye seva ya debe utasikia neno RAID. Ni mpango wa kutandaza data kwenye diski kadhaa pamoja na hesabu za ziada, ili diski ikifa kazi iendelee. RAID 6 inavumilia vifo viwili kwa mpigo, na kwa diski za siku hizi, kubwa hivi, ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa kujaza upya diski moja iliyobadilishwa kunaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na katika muda huo wenzake wanafanya kazi ya sulubu. Ila nimechoka kusikia watu wakisema "tuna RAID" pale wanapoulizwa kuhusu nakala rudufu. Ukifuta faili kwenye RAID, limefutwa kwenye diski zote kwa uaminifu mkubwa.

Gunia ni habari ndefu zaidi, maana hapa ndipo linapoingia wingu. Amazon ilianza kuuza hifadhi yake ya S3 mwaka 2006, na mwaka 2012 ikaongeza Glacier, ghala la bei ndogo kwa vitu visivyoguswa mara kwa mara. Wengine wakafuata. Bei ya kuweka ni ya kuvutia kweli. Wengi hawasomi bei ya kutoa. Katika hifadhi za aina hiyo unalipia kuirudisha data, unalipia kuisafirisha nje, na katika ghala la baridi kabisa unasubiri saa kadhaa kabla faili halijawa tayari kusomwa. Kwa kesi ya zamani, ambayo mgonjwa wake ana miadi keshokutwa, subira hiyo inakubalika. Kwa mgonjwa aliyeko mezani na kifua wazi haikubaliki.

Halafu kuna bomba. Slaidi zetu 100 za siku ni gigabaiti 200. Ukiwa na megabiti 20 kwa sekunde za kupandisha, na ziwe zako peke yako bila mtu wa uhasibu anayetazama mpira, unapandisha megabaiti 2.5 kila sekunde. Gawanya: sekunde 80,000, yaani saa 22 na dakika chache. Kwa maneno mengine, siku ya leo inamaliza kupanda kesho wakati skana inaanza tena. Mtandao ukikatika nusu siku umeshachelewa, na deni hilo hulilipi mpaka Jumapili. Na mtandao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kwa wakati mmoja upande wa kusini mwa Afrika, na kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala watu wakakaa na intaneti ya kobe. Maabara ambayo debe lake lingekuwa mawinguni siku ile isingesoma slaidi hata moja.

Sisemi wingu ni baya. Nasema liwe gunia, lisiwe debe, angalau katika nchi zetu kwa sasa. Na usidhani wingu liko mbinguni. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVH liliungua moto mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao rudufu zilikuwa kwenye eneo lilelile. Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine katika jengo lenye anwani. Iulize anwani hiyo, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya sheria pia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinagusa kupeleka taarifa za mtu nje ya mipaka.

Hapa naomba uniruhusu nichepuke, maana jambo hili limewaumbua watu waangalifu. Faili la slaidi halina tishu tu. Skana nyingi hupiga pia picha ndogo ya lebo ya kioo na kuificha ndani ya faili lilelile. Lebo ina namba ya maabara, na mara nyingi ina jina la mgonjwa lililoandikwa kwa penseli na fundi wa zamu. Utabadilisha jina la faili kuwa "kesi_017", utampelekea mwenzako Ulaya ukiamini umeficha kila kitu, naye atafungua dirisha la lebo na kusoma jina kamili. Toa lebo kwanza, kisha utume.

Mbegu sasa. Hizi ni zile kumi na moja za droo yangu: picha ambazo kioo chake hakipo, kimefifia au kimetumika, kesi za nadra za kufundishia, na kesi ambazo daktari alisaini jibu kwa kuangalia skrini bila kukigusa kioo. Hizi za mwisho zina uzito wake. Hospitali za Leeds nchini Uingereza zinaskani slaidi zao zote tangu 2018, na mahali kama hapo picha ndiyo aliyoiona daktari. Siku jibu likihojiwa, ushahidi ni picha, pamoja na ule mkwaruzo mdogo wa lenzi ambao haumo kwenye kioo. Kanuni za Chuo cha Wanapatholojia wa Marekani zinataka vioo na bloku za nta vitunzwe miaka 10. Mimi ningeipa picha iliyotolewa jibu umri uleule wa kioo chake, bila kujadiliana na mhasibu.

Kwa mbegu napenda kanda. Najua vijana watacheka. Kanda ya sumaku ya LTO-9 inabeba terabaiti 18, inalala kwenye rafu bila umeme, na ikishatolewa kwenye mashine haina waya wowote wa kuiunganisha na dunia. Tarehe 12 Mei 2017 (ndiyo, siku ileile ya mikongo, miaka saba kabla) programu hasidi ya WannaCry ilivamia kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, ikafunga mafaili na kudai fidia. Nakala iliyochomekwa muda wote hufungwa pamoja na asili yake. Kanda iliyoko kabatini haifungwi. Kasoro yake ni kwamba mashine ya kanda husahau lugha ya babu zake: mashine ya LTO-9 inasoma kanda za LTO-8, ukirudi nyuma zaidi haisomi. Kila baada ya miaka kadhaa itabidi uhamishe kutoka kanda ya zamani kwenda mpya, na kazi hiyo iwe na mwenyewe na tarehe, la sivyo utabaki na sanduku la plastiki ghali.

Aina ya faili nayo ni sehemu ya hifadhi. Kila kampuni ya skana imekuja na yake: .svs, .ndpi, .mrxs na ndugu zao. Hiyo .mrxs nina ugomvi nayo wa kibinafsi. Unaona faili dogo, pembeni yake kuna folda yenye jina lilelile, na picha yenyewe imo ndani ya folda. Nimewahi kupokea diski yenye mafaili 300 ya .mrxs yaliyonakiliwa kwa uangalifu mkubwa, bila folda hata moja. Kuna programu huria ya OpenSlide, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, inayosoma aina nyingi kati ya hizo, na kuna kiwango cha DICOM ambacho tangu 2010 kina sehemu ya slaidi nzima, kilekile kinachotumiwa na radiolojia. Kabla hujasaini ununuzi wa skana mwambie muuzaji akuoneshe, kwa macho yako, slaidi ikitoka kwenye mashine yake kama DICOM na kufunguka kwenye programu isiyo yake. Akisema "inakuja kwenye toleo lijalo", mwambie nawe malipo yanakuja kwenye toleo lijalo.

Kuna akiba inayopatikana bila kununua chochote. Kuskani kwa ukuzaji wa ishirini badala ya arobaini kunapunguza faili kufikia robo, na kwa vinyama vingi vikubwa vya kila siku, ishirini inatosha. Waulize madaktari wako kwa kila aina ya tishu, usiwaamulie. Skana iliyopangwa vizuri huruka kioo kitupu. Ila ukishapata faili, usilibane tena kwa JPEG mara ya pili ili upate nafasi. Kila ubanaji hula kidogo, na kinacholiwa kwanza ni ule mpaka mwembamba wa kiini ambao daktari anautafuta.

Na lazima kuwe na kufuta. Watafiti wa akili mnemba watakwambia usifute chochote, kwamba kila slaidi ni dhahabu ya kesho. Labda. Lakini si wao wanaolipa umeme, na slaidi isiyo na jibu lililoandikwa vizuri pembeni yake haina dhahabu yoyote. Kanuni yangu iliandikwa kwenye karatasi moja, ikasainiwa na daktari mkuu: miezi mitatu kwenye debe, miaka mitatu kwenye gunia, kisha inafutwa, isipokuwa imewekewa alama ya mbegu. Alama anaiweka daktari siku anaposaini jibu. Anayefuta ni mtu, tena wawili, wakiwa na orodha mkononi. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza karibu terabaiti 77 za watafiti wake kwa kosa la programu ya kutengeneza nakala rudufu. Soma tena: programu ya kutengeneza nakala.

Kwa hiyo nakala ambayo hujawahi kuirejesha bado hujui kama unayo. Kesho asubuhi, kabla ya chai, fungua daftari la maabara yako, chagua kesi moja ya miaka mitatu iliyopita bila kuitafakari, na umwombe mtu wako wa kompyuta akuletee picha yake kwenye skrini. Usimsaidie, usimkaripie. Andika saa uliyomwomba, na andika saa ulipokiona kiini cha kwanza.